Ufa Niliouziba

Jumanne, 8 Aprili

Daftari hili amenipa Padre Festo nilipokwenda misa Chake, niandalie mafundisho ya Jumapili. Kurasa za mbele ni za mafundisho. Kurasa za nyuma, yaani hizi, ni zangu mwenyewe. Katikati nimeacha ukurasa mtupu ili mambo yasichanganyike. Ndivyo nilivyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba mimi nikitaka kulia nayapanga kwanza machozi kwa urefu.

Yeye alikuwa askari. Kazi ilimleta Pemba, maradhi yakamchukua, mimi nikabaki na cherehani. Huu ni mwaka wa tisa nakaa chumba cha uani kwa Bi Mwatum, nashona sare za shule. Kijiji kizima wananiita Fundi. Jina langu la ubatizo, Skolastika, limewashinda wote isipokuwa sheha, kiongozi wa kijiji, naye hulitamka kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni.

Mvua imepiga tangu alfajiri. Bi Mwatum anaimba jikoni, jambo ambalo si kawaida yake. Jioni akaniuliza kama anavyoniuliza kila jioni tangu nihamie hapa: "Fundi, ushakula?"

Alhamisi, 10 Aprili

Nimejua sababu ya kuimba. Ameshuka bondeni kupandikiza mpunga, na safari hii amepeleka miche ya mbegu ya mamaake. Yote. Hakubakisha hata punje moja.

"Mbegu za dukani zote zimekufa kwa chumvi," akaniambia. "Hino ndo pekee ivumiliayo. Kanipa mama, naye kapewa na mamaake. Haina jina. Sie twaiita yetu tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuweka akiba kidogo. Akasema mbegu imetundikwa juu ya meko miaka mitatu, ikingoja tuta, na ikiingia mwaka wa nne haioti tena. Ama iote mwaka huu, ama basi.

Miaka mitatu nyuma bahari ilipanda mpaka bondeni, majaruba ya chini yakabaki meupe kwa chumvi. La Bi Mwatum ndilo la chini kabisa. Mwaka jana kijiji kikafanya msaragambo, wanawake kwa wanaume, wakajenga tuta la udongo na vigingi vya mikoko. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwetu Mbinga kumzika mama. Na tangu nirudi sijashuka huko kuliona.

Jumapili, 13 Aprili

Tumeanza uumbaji. Watu watano, barazani kwa Koplo Peregrini. Nimewaambia kwamba Mungu alianza kama fundi anavyoanza, kwa kukata. Nuru huku, giza kule. Maji ya juu, maji ya chini. Bahari mahali pake, nchi kavu mahali pake. Kabla ya hapo vyote vilikuwa vimechangamana, havina umbo, na kitu cha kwanza Mungu alichokifukuza ni fujo. Nilifurahi mwenyewe kusikia nilivyosema.

Koplo akanyoosha mkono. Anajiandaa kubatizwa apate kufunga ndoa, na huuliza kama anahoji mtuhumiwa.

"Mwalimu, kabla ya nuru palikuwa na giza na maji. Hayo maji aliyaumba nani?"

"Mungu."

"Siku ya ngapi?"

Nikamwambia tutafika huko. Nimerudi nyumbani nikasoma tena, nikahesabu siku kwa vidole. Siku zote sita zina kazi zake. Maji yale yapo tu, kabla ya siku yenyewe. Limenikera jambo hili kuliko linavyostahili.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sare kumi na moja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Misa Chake, kanisa limejaa askari na wake zao. Bi Mwatum alinipikia pilau kama kila mwaka, nami humshonea gauni jipya kila Idd. Hatujawahi kupatana kufanya hivi, imekuwa tu.

Jumanne, 29 Aprili

Vuai ameleta suruali nishone. Huyu ni mtoto wa kaka yake Bi Mwatum, kijana wa miaka thelathini asiye na saa wala kifungo. Suruali ameileta inanuka kaa na matope.

"Vuai, suruali hufuliwa kwanza."

"Nikiifua mama fundi, itabaki nini cha kushona?"

Anacheka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kila siku yuko huko bondeni, anatega nyavu zake mwisho wa tuta, na watu humsema kwamba anajali samaki kuliko mpunga wa shangazi yake. Nami naamini. Mtu asiyejua kufunga vifungo vyake utamwachia nini?

Alhamisi, 1 Mei

Vuai amevuka kwenda kisiwa cha Makoongwe, mjomba wake amefariki. Alikuja mbio uani, akamwambia Bi Mwatum maneno mimi nikiwa kwenye cherehani, sikusikia. Ameacha ubao mzito, umelowa, umeegemezwa ukutani katikati ya njia. Nimeuchukua nikauweka nyuma ya choo, mahali pa mbao.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nina furaha, nami nitaiandika humu kwa sababu sitaisema popote.

Ijumaa hapa hakuna anayeshuka bondeni. Ni mwiko wao wa zamani, jembe halishiki udongo siku hiyo. Mimi mwiko huo haunihusu, na saa kumi mvua ilikuwa imekatika, nikasema niende nikaone jaruba la Bi Mwatum ambalo ananiimbia kila siku. Mpunga umeshika. Kijani kibichi, miche imesimama katika maji ya kifundo, mistari imenyooka hata mimi nisingeweza kuishona vizuri zaidi. Nikatembea juu ya tuta mpaka mwisho, kwenye mikoko.

Hapo nikaona ufa. Upana wa hatua moja, katikati ya vigingi viwili, na bahari ilikuwa ikijaa, ulimi wa maji ya chumvi unaingia ndani, taratibu, unaelekea kwenye mpunga. Nyavu za Vuai zimening'inia pembeni. Nilishikwa na hasira. Kijiji kizima kimebeba udongo kichwani, na mtu mmoja ameacha tundu la samaki wake!

Kwetu Umatengo tunalima mlimani, kwenye mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa kilima, tunayaita ngoro. Kila shimo lina kingo zake nne. Ukiacha ufa kwenye ukingo mmoja, mvua ikija inakwenda na shamba lote mpaka mtoni. Mama alinichapa vidole mara moja tu kwa ajili hiyo, nikiwa na miaka saba, na hadi leo sijaacha ufa.

Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua viroba sita nilivyokuwa nimevishona kuwekea vipande vya kitambaa. Nikavijaza udongo wa mfinyanzi, nikavipanga kama matofali, nikashindilia kwa miguu, nikafunika kwa nyasi na mizizi yake kama alivyonifunza mama. Ilipoadhiniwa Magharibi ilikuwa imekwisha. Ukipita hapo hujui kama palikuwa na tundu. Bahari ilifika, ikagonga, ikabaki upande wake.

Sitamwambia mtu. Bwana anasema ukitenda jema, mkono mmoja usijue la mwenzake. Nimeosha matope, nimesali, nimekula kwa hamu.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa. Namshukuru Mungu nimewahi.

Jumapili, 4 Mei

Mvua haikukatika hata kidogo. Hakuna aliyekuja mafundishoni ila Koplo na mchumba wake. Nikarudia siku ya tatu: Mungu anaiambia bahari simama hapa. Nilisema kwa nguvu sana, Koplo akaniuliza kama nimepata habari njema nyumbani.

Jumatatu, 5 Mei

Naandika haraka, maandishi yatakuwa mabaya.

Asubuhi Bi Mwatum alirudi kutoka bondeni, amelowa mpaka kifuani. Nikamwuliza habari za mpunga. "Umezama," akasema, lakini hakuwa na wasiwasi. "Maji yakipwa yatatoka. Kilango ki wazi."

"Kilango kipi?"

"Cha tuta. Kule mwisho, kwenye mikoko." Akawa anakamua kanga yake. "Mvua hino yote ingepita wapi? Bonde lajaa kama bakuli. Bamvua likija, maji makubwa haya ya mwezi, Vuai huteremsha ubao, bahari ikaja ikarudi, kisha akaupandisha. Sasa bamvua limeshalegea, kauondowa, kaniwachia hapo uani. Maji ya chumvi kidogo yaingiayo hayadhuru kitu, hutoka na mvua." Akageuka. "Ubao wenyewe u wapi?"

Nikasema sijui.

Niliposema hivyo nilikuwa tayari najua kila kitu. Najua ubao uko wapi, najua kilango ni kipi, najua kwa nini maji hayatoki. Alipoingia ndani kubadilisha nguo nikachukua mwavuli nikashuka. Bonde lote ni maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilikwenda juu ya tuta mpaka karibu na mikoko, nikateremka upande wa ndani, maji yakanifika kifuani, na viroba vyangu viko chini kabisa, vimeshikana vizuri. Nilijaribu kwa mguu. Havikutikisika. Nimeshona na kushindilia maisha yangu yote, sijawahi kuichukia kazi yangu nzuri kama leo.

Nikarudi. Bi Mwatum alikuwa jikoni. Nikasimama mlangoni niseme. Akaniuliza, "Fundi, ushakula?" Nikasema ndiyo. Nikaingia chumbani kwangu.

Jumanne, 6 Mei

Maji yalikupwa saa kumi na mbili ya asubuhi, bahari ikarudi mbali, bonde halikupungua hata kiganja. Wanaume wakashuka kutafuta kilango, mmoja wao, Talib, akazamia mara tatu, akasema hakuna kilango, kuna ukuta. Hakuna aliyemwelewa. Bi Mwatum alilia barazani mbele yangu, bila sauti, anajifuta kwa ukingo wa kanga. Mpunga mchanga ukikaa chini ya maji siku tatu unachoka, siku ya nne unaoza.

Mimi nilishona sare. Nasema ukweli humu kwa kuwa daftari halitaniuliza: nilishona sare nne, mshono umenyooka.

Nimemwuliza Mungu kama si yeye aliyetenga maji na nchi. Mbona nimefanya alichofanya yeye na nimeiua nchi kavu? Sielewi. Nasoma ukurasa uleule, maneno ni yaleyale, na hayanisaidii.

Jumatano, 7 Mei

Vuai amerudi. Mvua ilimzuia Makoongwe, hakuna chombo kilichovuka. Hakupita hata nyumbani. Alizamia na panga, akakaa majini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akavitoa viroba kimoja kimoja, na waliosimama juu waliona udongo tu. Cha mwisho kilipotoka maji yalitoka kwa kishindo, bonde likamwagika baharini kwa saa mbili. Yalipokwisha kutoka, majaruba ya juu yalikuwa yamelala lakini yana uhai. La Bi Mwatum lilikuwa tope tupu. Yaliyooza yameoza, na yaliyokuwa hayajaoza maji yameyang'oa yakaenda nayo.

Bi Mwatum alishuka akaangalia, akapanda. 

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa sheha Abdulsamad aliita watu barazani kwake. Nilisimama nyuma, kwa wanawake. Talib akasema Vuai alijaza udongo kilangoni ili aende zake Makoongwe asisumbuke na ubao. Mwengine akasema ni kwa ajili ya samaki, alitaka kuwafungia ndani. Vuai alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ulifanya weye?" akauliza sheha.

"Kilango kilikuwa mkononi kwangu," akasema Vuai. "Lawama yangu."

Hakusema amefanya, hakusema hakufanya. Sheha akamtoa kazini na kumkataza asikanyage bondeni mpaka mavuno. Bi Mwatum alimtazama mtoto wa kaka yake kama anayetazama mtu kwa mbali ambaye hajamjua ni nani.

Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia. Nilijiambia kwamba nikisema, watasema Mkristo kaja kutuharibia, na wale watano wa Jumapili wataponzwa nami. Sababu nzuri kabisa. Nimeipanga vizuri.

Jumapili, 11 Mei

Misa Chake. Nimeungama. Padre Festo akanisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea dhambi, kisha akasema niende nikamwambie mwenye mpunga.

"Si Mungu amesamehe, Padre?"

"Amesamehe lililokuwa lake. Mpunga haukuwa wangu, hata niusamehe mimi."

Nilitoka nimekasirika. Nilidhani nimemaliza. Nilipokuwa mtoto niliambiwa dhambi ni doa, padre hulifuta, kwisha. Sasa naambiwa kuna doa jingine kwenye nguo ya mtu mwingine.

Nilimwuliza pia juu ya yale maji ya kabla ya siku ya kwanza. Akasema Mungu ameumba vyote, na hayo pia, pasipo kitu. Nikamwuliza basi kwa nini aliyaumba yakiwa fujo. Akafikiri, akasema swali hilo huwa anaulizwa na watu ambao kitu fulani kimewaharibikia.

Jumatatu, 12 Mei

Bamvua la mwezi mpevu. Talib amepewa kilango. Ubao hawakuupata, wamekata mwingine, haukai sawa. Maji ya chumvi yameingia kwenye majaruba ya juu.

Saa nne Vuai alikuja na suruali. Safari hii imefuliwa. Nilipoikunjua, ndani mlikuwa na kiroba, kimepasuliwa, kimesuuzwa. Mshono wa buluu, uzi wa sare, unarudi nyuma mara mbili kila mwisho. Hakuna anayeshona hivyo kijijini hapa ila mimi.

"Hivyo vyengine nimevifukia," akasema. "Kino n'kileta mwenyewe ukitie moto."

Nilikaa chini. Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu kiroba cha kwanza, akiwa bado majini.

"Na Ijumaa kwa sheha ulinyamaza?"

"Mie wakinichukia watachoka," akasema. "Mie wao. Weye wakikuchukia utakwenda wapi, mama fundi? Na shangazi angebaki na nani uani?" Akacheka, lakini si kwa sauti yake. "Ulidhani ufa?"

"Nilidhani ufa."

"Ulishindilia kweli, lakini. Kingekuwa cha mwengine ningemaliza kwa nusu saa."

Alipoondoka sikukitia moto kile kiroba. Huyu ndiye niliyemwona hana kifungo.

Jumanne, 13 Mei

Bi Mwatum alikuwa anakuna nazi. Nikakaa mbele yake juu ya ngazi ya jikoni, nikasema yote, tangu mashimo ya kwetu mpaka ubao nyuma ya choo. Sikuacha kitu. Aliacha kukuna.

"Jumatatu, nilipokwambia kilango ki wazi. Ulishajuwa?"

"Nilijua."

"Na Jumanne, nilipokuwa nalia hapo?"

"Nilijua, Bi Mwatum."

Akarudi kwenye nazi. Akakuna mpaka nyama ikaisha, akaendelea, chuma kikawa kinakwaruza kifuu kitupu. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Kuziba, ulikosea. Kimya chako ndo sikijuwi nikiweke wapi."

Alasiri nikaenda kwa sheha na kiroba mkononi, nikasema tena mbele ya watu. Kelele ikawa kubwa. Talib akasema mtu wa bara, tena Mkristo, anajua nini cha bonde. Sheha akamnyamazisha kwa mkono. Akamwita Vuai.

"Ulijuwa?"

"Nalijuwa."

"Ukanidanganya mie barazani kwangu?"

"Sikukudanganya, Sheha. Hukuniuliza nani."

Watu wengine wakacheka, sheha hakucheka. Akalitamka jina langu lote, kwa shida yake ileile. "Bi Sikolastika. Vuai arudi kilangoni. Na weye utakuwa naye, kila bamvua, mpaka mavuno. Hujui bonde, ukalijue."

Nimeutoa ubao nyuma ya choo nikaubeba mwenyewe.

Jioni Bi Mwatum aliweka sahani ya wali mlangoni kwangu, akaondoka. Hakuniuliza kama nimekula.

Jumatano, 14 Mei

Saa kumi alfajiri nimeteremsha ubao. Saa tatu nimepandisha. Saa kumi na moja jioni nimeteremsha.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeteremsha, nimepandisha. Nilitaka kuandika ratiba ukutani kwa chaki. Vuai akaniambia kila siku maji huchelewa karibu saa nzima, na mvua ikiwa nyingi unapandisha mapema, na upepo ukiwa wa kusini unangoja. Nikamwuliza basi nitajuaje. Akanionyesha mizizi ya mkoko, mahali unyevu unapofika. Sijaelewa. Nilipokuwa bado naangalia mzizi, maji yakapita juu ya miguu yangu.

Jumapili, 25 Mei

Bi Mwatum hasemi nami isipokuwa la lazima. Sahani inakuja. Swali haliji. Sikujua kama nililizoea hivyo. Jioni husikiliza nyayo zake zikifika mlangoni na kurudi, na mimi mtu mzima wa miaka hamsini na moja nakaa kitandani nalia, wala sipangi kitu.

Jumatano, 28 Mei

Bamvua tena. Mambo mawili siyapatanishi. Bahari inaingia bondeni kama inatafuta njia ya kurudi mahali pake pa zamani, na ukiitazama wakati huo unaweza kuamini kwamba ulimwengu utarudi kuwa maji matupu. Kisha inasimama yenyewe, wala si kwa sababu ya ubao wetu, ubao ni mbao tu. Inasimama na kurudi. Nani ameiambia? Naamini ni Mungu. Lakini kama anaweza kuiambia, kwa nini iliingia miaka mitatu nyuma ikaua mpunga wa watu wanaosali mara tano kwa siku? Vuai nilipomwuliza alisema bahari imepanda, hata kisiwani Makoongwe imekula makaburi, na wazee hawaijui tena. Akasema, "Mie nafungua na kufunga, mama fundi. Hayo mengine ni ya mwenyewe."

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Koplo Peregrini aliuliza tena. Nilijua ataniuliza.

"Mwalimu, hatujafika siku ya yale maji."

Nikamwambia sijui siku yake. Nikamwambia nilifundisha vibaya mwezi wa nne, nilisema Mungu alifukuza fujo, na nikisoma tena sioni mahali alipofukuza. Giza hakulimaliza, alilipa jina na zamu yake. Maji hakuyamaliza, aliyaonyesha mahali, na mahali penyewe pana mlango. Zaidi ya hapo sijui, na kwa kujifanya najua nimemfukarisha mtu.

Koplo akaandika katika daftari lake. Nilichungulia. Ameandika: "Mwalimu hajui." Kisha akapiga mstari chini, kwa rula.

Jumanne, 10 Juni

Nimeteremsha. Nimepandisha.

Jumapili, 22 Juni

Pembeni mwa kilango pana chungu ya udongo, ni ule wa viroba vyangu, Vuai aliumwaga hapo siku ile. Leo nilikwenda kung'oa magugu juu yake maana yananiudhi, yameota ovyo, moja huku moja kule. Nilikwisha kushika la kwanza Vuai akanipigia kelele.

Si magugu. Ni mpunga. Mashina saba, yamepinda kila upande, mashuke yanaanza kujaa. Maji yalipotoka kwa kishindo yaling'oa miche jarubani na mingine ikakwama hapo, kwenye udongo wangu.

Nilikaa chini kwenye tope. Sijui niite nini jambo hili. Ningesema ni Mungu, lakini basi nitasemaje juu ya jaruba zima lililokufa? Na nikisema ni bahati tu, mkono wangu ulikuwa umeshashika shina.

"Nenda ukamwite," akasema Vuai.

"Nenda wewe."

"Weye."

Nilikwenda. Bi Mwatum alikuja, akainama, akaumenya ule mpunga kwa kucha, akatafuna. Akatema. "Yetu," akasema, si kwangu, kwa Vuai. Akapanda zake.

Jumapili, 6 Julai

Tumevuna. Mimi nilishika kikapu, Vuai alifukuza ndege ambao hawakuwepo, Bi Mwatum akakata kwa kisu kidogo, shuke moja moja, kama anayekata nywele za mtoto. Mashuke thelathini na manane. Nilianza kumwambia nilivyowaza juu ya mashina yale na siku ya tatu ya uumbaji. "Maneno yako ya Jumapili yaweke," akasema. "Inua kikapu, kinaburura."

Nikakiinua. Nilikuwa nikiwaza kwamba yatatosha kitalu kidogo, na kitalu kidogo mwakani kitatosha jaruba, kama bahari itakubali, kama kilango kitafunguliwa na kufungwa, na mambo mengine ambayo siwezi kuyapanga.

Nyumbani aliyafunga mashuke kwa ukindu. Nilidhani atayatundika juu ya meko yake, ndipo mbegu ya nyumba hii ilipokuwa ikitundikwa siku zote. Akapita jikoni hakuingia. Akaja uani, akaingia chumbani kwangu, akavuta kigoda changu cha cherehani, akapanda, akayafunga kwenye boriti juu ya kitanda changu.

"Kwangu kuna panya," akasema.

Nikamwambia na kwangu wapo.

"Wapo. Lakini weye hulali siku hizi, nakusikia. Utawafukuza."

Akashuka, akajipangusa mikono, akakirudisha kigoda mahali pake, sawasawa na alama zake sakafuni. Alipofika mlangoni akasimama, amenipa mgongo.

"Fundi," akasema, "ushakula?"